Siku moja ya mtu anayechagua nani ahojiwe

Nikisema kazi yangu ni kuchagua wachekeshaji wa kuhojiwa kwenye kipindi, watu hunijibu, "Kumbe unalipwa kucheka!" Siwabishii. Waje tushinde wote kutwa nzima.

Saa 12 asubuhi. Maombi yaliyoingia usiku. Wengi wametanguliza idadi ya wafuasi wao, jina linakuja baadaye. Ya haraka nayajibu, mengine nayaweka kando.

Saa 2. Klipu. Navaa vipokea sauti na mara nyingi nafumba macho, kwa sababu nataka kuusikia ukumbi, si kumwona mchekeshaji. Kicheko cha kweli hakianzi kwa pamoja. Wawili watatu wanawahi, wengine wanafuata, halafu kuna yule aliyechelewa kuelewa, anacheka peke yake wenzake wakiwa wameshanyamaza. Cha kubandikwa huja kama bomba, linafunguliwa na kufungwa. Leo kuna klipu ambayo mwanamke anacheka kisha anakohoa mara mbili. Dakika moja baadaye, kicheko kilekile, kikohozi kilekile. Kwenye kichekesho cha tatu nikamwambia mwenzangu, "Huyu mama apelekwe hospitali." Basi, hapo nimecheka.

Na hata anayevunja watu mbavu kihalali huenda asifae kuhojiwa. Hili ndilo gumu kumweleza mtu. Jukwaani ana dakika kumi alizozipiga msasa kwa miezi, anajua mpaka pa kuvuta pumzi. Kwenye kiti anakaa saa nzima akiulizwa asiyoyatarajia. Kuna wanaogeuza kila swali kuwa onyesho, na msikilizaji anachoka mapema. Marc Maron, mchekeshaji wa Marekani aliyeanza mwaka 2009 kuwahoji wenzake kwenye kipindi chake cha mtandaoni, mwaka 2010 alizungumza na mchekeshaji mwenzake Robin Williams kuhusu ulevi na tuhuma za kuiba vichekesho vya wengine. Williams hakuchaguliwa kwa sababu anachekesha tu. Alikuwa tayari kuongea. Utayari huo ndio ninaoutafuta, na hauonekani kwenye klipu.

Saa 5 akapiga meneja wa mchekeshaji mmoja.

"Dada yangu, kijana wangu yuko tayari. Nitumie maswali."

Nikamwambia maswali hatutumi, tunataja mada. Mada asiyoitaka mgeni tunaiacha, na tukiahidi tunatimiza.

"Sawa. Basi asiulizwe habari za yule mwenzake waliyeachana."

Onyesho lote la huyo kijana kwa sasa ni ugomvi wake na huyo mwenzake. Nikauliza, "Ukumbi mzima anausimulia, mimi tu ndiye nisimuulize?"

"Kule ni utani, dada. Kwako itakuwa habari."

Hapo alinikamata, nakiri, maana hiyo ndiyo tofauti yenyewe ya jukwaa na kiti. Angeishia hapo tungeelewana. Akaendelea. Anataka kuyaona mahojiano kabla hayajarushwa. Anataka haki ya kukata. Nikakataa, akakata simu, akapiga tena kana kwamba hatukuwahi kuongea, safari hii ana kijana wa pili wa kupachika "kama nyongeza tu". Wa pili sijawahi kumsikia popote. "Ndiyo maana nakuletea umsikie!" Nikaweka simu mezani, spika wazi, nikawa naitikia "ndiyo, kaka" huku nikiendelea kuandika. Mchana ulikwenda hivyo.

Baadaye tukapanga orodha. Hatutaki wanaume wa vichekesho vya ndoa wafuatane wiki baada ya wiki. Marafiki wa mtangazaji nawaogopa zaidi: wanachekeshana wenyewe kwa mambo yao, msikilizaji anabaki mlangoni.

Usiku ukumbini, miguu inauma, nimekaa nyuma kabisa. Kichekesho kinachofanikiwa hakinipi habari nyingi, kwa hiyo nasubiri kitakachogoma. Kijana mmoja chake kiligoma akawalaumu watazamaji kwamba hawana akili. Nikamfuta. Dada aliyemfuata naye kikagoma. Akanyamaza, akawatazama, akasema, "Hiki nilikiandika nikiwa na homa." Ukumbi ukalipuka.

Nilimfuata nyuma ya pazia nikamuuliza kichekesho chake kuhusu baba yake kilianzaje. Akanieleza, wakati mwingine akisita kutafuta neno, bila kuhangaika kunichekesha. Nikajikuta nacheka hata hivyo. Mpaka mhudumu anakuja kutuambia wanafunga, nilikuwa sijamuuliza swali la pili.

Nikamwandikia bosi.

"Wafuasi wangapi?"

"Wachache. Ila anaongea."

"Na yule wa meneja?"

"Asubiri mpaka meneja wake akubali kwamba hatakata kitu."

Bosi hajajibu. Studio ya Alhamisi nimeshaiandikisha kwa jina la yule dada.