Mto uliolala mshazari

Ukuta wa shule yetu kule Mbagala, Dar es Salaam, ule unaotazama barabara ya daladala, una urefu wa mita 18 na kimo cha mita 2. Mwaka jana niliomba ruhusa tuuchore: wanafunzi 24 wa kidato cha tatu, mimi mwalimu wao wa hisabati, na fundi mmoja aliyejifunzia kazi Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama zenye rangi kali.

Michoro ya kwanza ilijaa twiga na tembo. Fundi akauliza, "Wanangu, nani kati yenu ameshamwona tembo?" Kimya. Basi wakachora wanachokiona: Mto Kizinga, mikoko na mitumbwi.

Mchoro ulikaa kwenye karatasi ya sentimita 90 kwa 10. Tukaugawa miraba 144, kila mwanafunzi sita. Uwiano wa 1 kwa 20, nilioufundisha wiki mbili bila mafanikio, ulieleweka asubuhi moja, maana aliyekosea mraba wake alimharibia jirani.

Wengi walitaka rangi ya mafuta inayong'aa. Walishasikia kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza mwaka 1968, alipaka rangi ya baiskeli kwenye hadibodi. Fundi alikataa. Akakwangua plasta ya chini kwa kisu, unga mweupe wa chumvi ukamwagika. Hadibodi ni kavu, alisema, lakini ukuta huu unavuta unyevu kutoka ardhini. Ukiuziba kwa mafuta, rangi itafanya malengelenge. Tukachukua rangi ya maji. Wanafunzi walipiga hesabu: lita moja kwa mita 10 za mraba, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, lita 7.2. Fundi akawaambia waongeze, kwa kuwa plasta isiyowahi kupakwa inakunywa sana mkono wa kwanza.

Siku ya tatu tulivuka barabara kutazama. Mto ulikuwa umelala mshazari, upande mmoja juu, mwingine chini, na mitumbwi kama inateleza. Roho iliniuma. Kila mmoja alipima miraba yake ya ukutani sawasawa, sentimita 50 juu ya 50, ila wote walianzia kwenye ardhi, na ardhi yetu ina mteremko. Nilitaka kuwaeleza palepale. Fundi akanishika mkono: "Mwalimu, waache kwanza."

Walibishana karibu saa nzima. Binti mmoja, ambaye darasani hanyooshi kidole, ndiye aliyesema: "Shikamoo Fundi, samahani, kwani maji yenyewe huwa yanalala vipi?"

Fundi akaitika marahaba, akaenda kwenye begi lake na kutoa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanaopimia msingi. Wakaujaza maji, wakahakikisha hauna mapovu, mmoja akashika ncha huku na mwenzake ncha ya pili mwisho wa ukuta. Maji yalipotulia pande zote mbili, wakatia alama na kuvuta kamba yenye unga wa chaki. Tofauti ilikuwa sentimita 31. Walifuta mto mzima kwa rangi nyeupe na kuanza upya, hakuna aliyelalamika. Sijawahi kufundisha mstari mlalo vizuri hivyo, na siku ile sikufundisha mimi.

Kazi ilichukua Jumamosi tano. Wiki moja baada ya kumaliza, yule binti alikuja ofisini kuomba mpira. Kwao mvua ikinyesha maji huingia hadi sebuleni, na alitaka kujua mtaro wa nyuma ya nyumba umeinamia upande gani.