Kumbukumbu ya mradi: kufuatilia asilimia za mafuta

Taa ya injini imewaka tena. Kodi, yaani msimbo wa hitilafu, ni P0171: mafuta machache, hewa nyingi. Wengi wakiiona hukimbilia kununua sensa ya oksijeni. Yangu nimeiacha ilipo, maana ndiyo iliyotoa taarifa, na mtoa taarifa si lazima awe mkosaji.

Petroli huungua sawasawa hewa ikiwa 14.7 kwa mafuta 1, kwa uzito. Sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kwenye bomba la moshi kabla ya katalisti (kisafisha moshi), ikishafika joto la kama nyuzi 300 hutoa umeme mdogo: karibu volti 0.1 oksijeni ikizidi, karibu 0.9 mafuta yakizidi. Kompyuta ya injini haisubiri volti itulie. Huongeza mafuta hadi volti ipande, hupunguza hadi ishuke, bila kukoma. Marekebisho hayo husomeka kwa asilimia mbili: ya muda mfupi, inayochezacheza wakati wote, na ya muda mrefu, yaani kile ilichokwisha kuzoea. Alama ya + ni kuongeza mafuta, ya - ni kupunguza. Mimi huangalia jumla yake.

Nimechomeka kisomeo cha kompyuta hiyo injini ikiwa ya moto. Bila kukanyaga mafuta: muda mrefu +19, muda mfupi +8. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, jumla ikaporomoka hadi +5. Hapa ndipo penye utamu. Ingekuwa pampu imechoka, asilimia zingepanda kadiri injini inavyodai mafuta. Zikishuka namna hii, kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya kupima hewa. Ufa ni uleule, ila injini ikivuta kidogo, hewa hiyo isiyopimwa huwa sehemu kubwa ya yote. Na gari halikuwa hata likikohoa! Kompyuta ilikuwa ikiufidia ufa kimyakimya.

Nikabana mipira ya hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine. Kufika kwenye ule wa PCV, unaorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue tena, muda mfupi ukazama hadi -16 papo hapo, kwa kuwa muda mrefu ulikuwa bado unaongeza ile 19 yake. Kiwiko chake kimepasuka upande wa chini, usioonekana.

Nimefunga kipya. Kodi sijaifuta kwa makusudi, kwani kumbukumbu ya marekebisho ingefutika nayo, nami nilitaka kuiona ikishuka yenyewe. Imeshuka, taratibu. Sasa jumla ni +3 bila kukanyaga, +2 kwenye 2,500.

Kinachofuata ni sensa ya nyuma ya katalisti. Volti yake inapaswa kutulia. Yangu inayumba kuliko ninavyopenda.