Kumbukumbu ya mradi: kuchambua rundo la ishu kwa gh

Kwa asiyeujua mradi wenyewe: ni maktaba ndogo ya Python, yaani msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie, inayobadilisha saa za kompyuta kuwa saa za Kiswahili. Ukiipa 14:20 inakurudishia "saa nane na dakika ishirini mchana". Safari hii sikuongeza kipengele chochote. Kazi yote imekuwa kupanga ishu (ripoti za makosa, maombi na maswali ya watumiaji) na PR (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa na wachangiaji) zilizorundikana GitHub, tovuti mradi unakohifadhiwa, nikitumia `gh`, zana yao ya terminali, yaani dirisha la kuandika amri, iliyotoka rasmi 2020.

Kilichonihamisha kwanza kutoka kwenye kivinjari ni bando, maana terminali inaleta maandishi matupu. Lakini faida kubwa niliiona baadaye. Kwenye kivinjari nikifungua ishu moja nakuta nimeshaanza kuitengeneza, jioni inakwisha na rundo liko palepale. Kuchambua ni kazi yake, kutengeneza ni kazi nyingine. Kwenye terminali nasoma, nabandika lebo, napita.

`gh issue list` ikiachwa hivihivi inaonyesha 30 tu, mpya zikiwa juu, ndiyo maana za zamani zinasahaulika huko chini. Nimeigeuza:

`gh issue list --search "no:label sort:created-asc" --limit 100`

Hapo zinakuja ambazo hazina lebo, iliyokaa sana ikitangulia. Kuandika mstari wote huo kila mara ni adhabu, kwa hiyo niliuhifadhi kwa `gh alias set` chini ya jina `chujio`. Sasa naandika `gh chujio` na kazi inaanza. Lebo zenyewe lazima ziwepo kabla, zinatengenezwa kwa `gh label create`. Ninazo nne tu: kosa, ombi, swali, mjadala. Mradi wa ukubwa huu ukiwa na lebo ishirini, hakuna atakayezitumia, hata mwenye mradi.

Utamu wa kusoma vichwa vikiwa vimepangana ni kwamba marudio yanajitokeza. Mmoja alilalamika kuwa basi la alfajiri limeandikwa "saa sifuri asubuhi". Mwingine, mwenye ratiba ya swala, alikuta Magharibi inaingia "saa sifuri na dakika thelathini jioni". Wa tatu aliuliza tu kama sifuri ni makusudi. Maneno tofauti, ugonjwa mmoja: `(saa - 6) % 12`, yaani baki la kugawanya kwa 12, inatoa 0 ikifika 06 na 18, mahali ambapo mtu yeyote angesema saa kumi na mbili. Nikaibakiza iliyoelezwa vizuri zaidi, kwenye nyingine nikaacha maoni ya `Duplicate of` pamoja na namba yake, GitHub ikazitambua kuwa marudio, nikazifunga.

Tatizo hilohilo lilikuwa na PR mbili zinazosubiri. `gh pr checkout` na namba ya PR inakuletea tawi la mchangiaji, yaani msimbo wenye mabadiliko yake, hata kama liko kwenye nakala yake mwenyewe ya mradi, huhitaji kuongeza remoti (anwani ya nakala hiyo) kwa mkono. Ya kwanza iliweka `if` kwa saa 6 peke yake, jioni ikabaki na sifuri yake. Ya pili iliongeza maneno mawili tu mwishoni: `(saa - 6) % 12 or 12`, yaani ikitoka sifuri, chukua 12. Nilipitisha hiyo kwa `gh pr merge --squash`, inayoyaingiza mabadiliko yote kama badiliko moja, na kwa kuwa maelezo yake yalikuwa na `Fixes` na namba ya ishu, ishu ikajifunga yenyewe. Aliyeleta ya kwanza nimemwandikia shukrani na kumwomba majaribio ya saa za jioni, kwa sababu hatukuwa nayo kabisa.

Kuna walionishauri niweke roboti ya kufunga ishu zilizokaa kimya. Hapana. Kosa halijirekebishi kwa kunyamaziwa, na aliyechukua muda kuandika anastahili jibu la mtu.

Ngumu iliyobaki ni hii: saa saba usiku kati ya Jumatano na Alhamisi, maktaba iandike siku gani? Kompyuta inasema Alhamisi. Wengi mtaani bado wangesema Jumatano usiku. Na kwa hesabu ya Kiislamu, siku huanza Magharibi, kwa hiyo Alhamisi iliingia zamani jua lilipotua. Nafikiria kumwachia mtumiaji achague mwenyewe siku yake inaanza lini. Kwa sasa ina lebo ya mjadala, na iko wazi.