Mlango ulikuwa umeegeshwa tu

Jamani ndo nimerudi sasa hivi kumwona bro, yule aliyefungwa. Miezi miwili sasa wamemhamishia gereza la wazi, kule wanapelekwa waliobakiza kifungo kidogo na tabia zao hazina shida.

Nilitegemea ukuta mrefu na mageti kama kule kwa mwanzo. Hamna! Mabweni tu na shamba, asubuhi wanatoka kwenda kazini jioni wanarudi wenyewe kuhesabiwa, na ukitoroka ukakamatwa unarudishwa gereza la kufuli na kesi mpya juu, kwa hiyo nani ajaribu.

Sasa tumemaliza stori tunatoka chumba cha wageni, bro akafika mlangoni akasimama. Mikono nyuma.

Mi nikajua kasahau kitu, kumbe anasubiri afunguliwe! Na mlango wala haujafungwa, umeegeshwa tu.

Askari akacheka, "sukuma mwenyewe mzee." Bro naye akacheka, ila mkono ulivyogusa kile kitasa ulikuwa unatetemeka aisee.

Njia nzima nauwaza ule mkono.

Mliowahi kuwa na ndugu ndani, akirudi nyumbani hii kitu inaisha? Niambieni.