Siku moja maishani mwangu: afisa usalama na vumbi la saiti mjini Tabora

Saa 1:00 asubuhi. Agosti hapa Tabora ardhi imekauka mno, hivyo kabla malori ya kokoto hayajaanza kuingia, ninasimamia umwagiliaji wa njia yao, maji kiasi tu ili isigeuke matope.

Saa 1:30. Katika kikao cha asubuhi, kijana mmoja saidia fundi ananiuliza, "Mama, sisi si tumezaliwa na vumbi hili hili?" Swali lake ni la haki, nami ninamjibu kwa kirefu. Mchanga, zege na tofali vina madini yaitwayo silika, na vinapokatwa kwa mashine hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuacha makovu yasiyoondoka. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Anayeupata hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na vumbi la silika la namna hiyo husababisha pia saratani ya mapafu.

Saa 3:00. Fundi umeme anataka kupasua ukuta kwa grainda ili apitishe mabomba ya nyaya. Ninamsimamisha. Kukata kikavu ndani ya chumba ni hatari kuliko kazi zote za leo, na kumwagia maji grainda ya kawaida ya umeme ni kukaribisha shoti. Tunaulowanisha ukuta, kisha anatindua kwa nyundo na tindo. Anachelewa, lakini ukuta unamong'onyoka kwa vipande vyenye unyevu badala ya kutoa moshi mweupe. Matofali ya sakafu yanakatwa nje, kwa mashine yenye bomba lake la maji.

Saa 7:00. Mafundi wananawa kabla ya kwenda kwa mama lishe.

Saa 9:00. Ufagio mkavu ni marufuku. Sakafu inalowanishwa kwanza. Barakoa ninaihesabu kuwa kinga ya mwisho, tena iwe ya kuchuja chembe na ishike uso barabara, kwani ya kitambaa haitoshi na ndevu huacha upenyo.

Saa 11:00. Mafundi wanabadili nguo hapa hapa, wasiwapelekee watoto vumbi nyumbani. Ninaandaa orodha ya upimaji wa afya, ambao Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri, na waliokata zege kwa miaka mingi ninawaandika juu kabisa.