Jinsi nilivyoacha kukaririsha "went"

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni, darasa la mchanganyiko: mafundi, wauza duka, vijana wa sekondari. Hakosi mmoja wa kuuliza: "Ticha, kama walk inakuwa walked, kwa nini go isiwe goed?" Mimi shuleni nilijibiwa "kariri", na lile jedwali la safu tatu tukaliimba kama kasida. Safari hii nikaona nitafute asili ya neno lenyewe, nijue kama linafundishika.

Linafundishika vizuri tu. Went haikuzaliwa na go. Katika Kiingereza cha kale, kama miaka elfu iliyopita, kwenda ilikuwa gan, na wakati wake uliopita ulikuwa eode, ambayo nayo haifanani na gan hata kidogo. Kando yake kulikuwa na kitenzi kingine, wendan, yaani kugeuka au kushika njia. Eode ikachakaa, na went ya wendan ikahamia mahali pake. Mshairi Chaucer anafariki mwaka 1400, went tayari imeshazoeleka. Waskoti hawakuitaka, wao walijitengenezea gaed. Kwa hiyo anayesema goed darasani kwangu simcheki, ana wenzake huko.

Ubaoni naandika send, sent, spend, spent, lend, lent, bend, bent. Chini yake wend, went. Fundi friji mmoja akatazama, akasema, "Kumbe huyu yuko sawa, ila mzazi wake ndiye kafichwa." Sikuwa na la kuongeza.

Wajanja huuliza, mbona mend ni mended? Mend, defend, attend na depend ziliingia kupitia Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, na wageni wengi walivishwa -ed. End inanivurugia hesabu, maana ni mwenyeji na bado ni ended. Hiyo nawaambia waziwazi. Wakizidi kulalamika kwamba Kiingereza hakina utaratibu, nawauliza amri ya kuja ni ipi. Hakuna anayejibu "ja".

Ila kinacholichangamsha darasa kuliko vyote ni kwamba wendan yenyewe ilitokana na windan, kujipinda. Windan ni kitu kujipinda, wendan ni kukifanya kigeuke. Hiyo si kauli ya kutendesha? Sisi tunaitumia tangu tunapoamka. Kiingereza nacho kilikuwa nayo, ikafa, masalia yakabaki yametawanyika. Anguka na angusha: fall na fell, ile ya kuangusha mti. Kaa na kalisha: sit na set. Nywa na nywesha: drink na drench. Kwenye drench wengi hugoma, kwa kuwa wanaijua kama kulowa chapachapa. Lakini maana ya kwanza ilikuwa kunywesha, na dawa ya minyoo ya kunywesha mifugo bado huitwa drench. Mzee mmoja anayefuga mbuzi aliidaka kabla sijamaliza: "Hilo neno si lipo kwenye chupa yangu!"

Faida kubwa niliipata kwenye lie na lay, zinazowapiga chenga hata Waingereza. Lie ni lala, lay ni laza. Kero yake ni kwamba lay ni pia wakati uliopita wa lie, kwa hiyo neno moja linabeba kazi mbili. Sasa sielezi kanuni. Nauliza tu kwa Kiswahili: mtoto kalala mwenyewe, au kuna mtu kamlaza? Akilala mwenyewe, leo lie, jana lay. Akilazwa na mtu, leo lay, jana laid. Wanapatia, na wanaokosea husahihishana wenyewe kabla sijashika chaki.

Jedwali la safu tatu bado nalitoa, ila mwishoni, kwa wanaojiandaa na mtihani.