Mdogo kuliko punje ya chumvi

Leo nimemaliza kuchora kinyweleo cha mwisho mgongoni mwa kolembola, kidudu cha udongoni chenye miguu sita, ambaye bado hana jina. Mweupe, hafiki milimita 1, hana macho. Wengi wanaoishi chini kabisa udongoni ndivyo walivyo. Tulimpata kwa faneli: taa juu, udongo katikati, alkoholi chini. Viumbe hukimbia joto na ukavu, wakashuka wenyewe.

Kazi ilikuja baadaye. Kuhesabu vinyweleo kwenye hadubini, kimoja kimoja, kisha kumlinganisha na kila spishi ya jenasi yake iliyokwisha kuelezwa. Vinyweleo viwili tu ndivyo vilivyomtenga na nduguze! Nilihesabu tena na tena, moyo unanidunda. Sasa sampuli moja itakuwa holotipu, yaani kielelezo rasmi cha spishi mpya, itunzwe makumbusho. Jina lake nimeshalichagua.